Udongo wa Kijivu wa Mama Kulwa

Jumatatu, 3 Novemba
Miezi mitatu tangu nitoke Kasulu, kwetu Waha. Leo tena kuchimba. Mradi unatafuta mahali panapofaa mpunga huku Magu. Mtaalamu anapima udongo, mimi nachimba mashimo anayoingia kuutazama. Mgongo umechoka. Lakini leo nina furaha hadi naona aibu. Mama Kulwa, tuliyepanga kwake, kasema nichague shamba moja kati ya mawili, nilime mpunga wangu msimu huu. Wanawe wako Nansio, wanavua, jembe hawalitaki. Mimi nyumbani sina hata tuta moja. Nimechagua la juu, karibu na barabara. Udongo laini, jembe linazama lenyewe. La chini ni la kijivu, gumu kama sakafu. Mama akacheka. Sikuuliza kwa nini.

Jumanne, 4 Novemba
Shamba la juu. Shimo la kwanza nimechimba nikiimba. Mtaalamu, dada wa mjini tunayemwita Injinia, akamwaga ndoo za maji ndani. Hata ugali haujaiva, maji hayapo. Chini mchanga mtupu.
"Kaka, hapa panda mihogo. Mpunga utakufa kwa kiu."
Imeniuma. Nilichagua kwa macho ya Kasulu, kwetu udongo laini ndio mzuri. Mama kasema naweza kubadilisha, nichukue la chini. Ila maji yakikimbia na huko, anampa shemeji yake alishie ng'ombe. Basi kesho ndiyo kesho.

Jumatano, 5 Novemba
Sururu inadunda. Viganja vimechubuka. Wenyewe udongo huu wanauita ibambasi. Nilipofika kina cha kifua nikajisifu: kuta zimenyooka, pembe safi. Mzee mmoja akapita na ng'ombe, akasimama.
"Mnamzika nani?"
Nikacheka. Yeye hakucheka. Mara Mama Kulwa huyo, mbio, kanga mkononi.
"Fukia! Muha wewe, unanichimbia kaburi shambani? Nani atakuja kunipandia mpunga hapa?"
Kweli lilikuwa kaburi. Urefu wa mtu, upana wa mtu. Huku hawachimbi kaburi kama hakuna maiti. Na mpunga unapandikizwa na majirani wote pamoja; wakigoma, shamba limekwisha. Injinia alikuwa amekwenda Mwanza. Nikifukia, hakuna kupima, ng'ombe wanaingia. Niliogopa sana. Nikakata ngazi upande mmoja, nikavunja pembe zote, nikalipanua mpaka likawa la mviringo. Jasho hadi machoni. Watu wamejaa, Mama amesimama tu.
Mwisho akasema, "Haya. Sasa ni kisima."
Akajitwisha ndoo, akamwaga maji ya kwanza yeye mwenyewe.
"Kisima cha kubebewa maji," akasema yule mzee. "Kazi ya Muha hiyo!"
Wakacheka wote. Na mimi. Tumemwaga mpaka jua linazama.

Alhamisi, 6 Novemba
Maji yapo!
Nimekimbia kabla ya chai. Yapo. Yamepungua kidole tu. Nimepiga kelele peke yangu kama kichaa, ndege wakaruka. Injinia karudi, akashuka ngazi mpaka penye maji, akachokonoa ukuta. Kasema chini kuna tabaka gumu linaloshika maji, na mvua za huku zinatosha. Panafaa. Nilitaka aseme tena. Akasema tena.
Mama Kulwa: "Chukua. Lakini kisima chako ukifukie."

Jumapili, 9 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Shimo nilishalifukia, kingo za jaruba la kwanza la mpunga nilimaliza jana. Leo nimekaa kibarazani natazama maji yamesimama ndani yake. Hayaendi popote.
Nimempigia mke wangu. Nilimwahidi kurudi Krismasi; leo nimemwambia haitawezekana. Akauliza kama mchele wa huku unanukia. Nikasema unanukia. Akasema sawa, niende nao, nisiuze wote.
Nitarudi mwezi wa sita, nikishavuna.