Kambi ya Ndui, Ng'ambo ya Mto

Jumatatu, 8 Julai 1912
Wagonjwa wapya wameletwa kutoka Dumila. Mmoja mwanamke, Cecilia, uso umevimba, haoni. Nimewaosha kwa maji ya dawa. Bwana Daktari kaja na farasi, kaangalia, kaniachia kazi. Mimi nimeshachanjwa, ndui hainipati. Nimewaeleza majirani. Hawasikii.

Jumanne, 9 Julai
Dukani kwa Noordin. Chumvi kanisukumia kwa fimbo! Kaniomba radhi: si yeye, ni wateja. Namwamini.

Ijumaa, 12 Julai
Msikitini wamejisogeza wote mbali nami. Nimebaki peke yangu mwisho wa safu. Imamu kaanza swala. Nimeswali.

Jumatano, 17 Julai
Mjomba wa mke wangu, Mzee Hatibu, ameshuka kutoka Mgeta. Nimempa shikamoo. Kaitikia akiwa nje ya ua, maji hakunywa. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto, basi nikamsikiliza.
“Pazi, binti yetu hazalii kwenye nyumba ya ndui. Acha kazi hiyo, au naondoka naye leo leo.”
Nikamwuliza, nikiacha, wale nani atawanywesha uji?
“Kwani ni ndugu zako?”
Mwanaheri akatoka na tumbo lake. “Mjomba, mlima ule nitaupandaje? Nitazalia hapa hapa.”
Mzee akatema mate, akaenda zake. Baadaye nimemkuta Mwanaheri analia.

Alhamisi, 18 Julai
Amekufa mmoja. Nimechimba mwenyewe, nimezika mwenyewe. Cecilia amefumbua jicho moja.

Jumapili, 21 Julai
Uchungu umemshika Mwanaheri alfajiri. Nimekimbia kwa Bi Dadi, mkunga. Kaongea nami dirishani: atakuja, ila mimi nitoke, na nisirudi mpaka mtoto atimize arobaini. Arobaini! Nikakubali. Ningefanyaje?
Nikaingia kuaga. Mwanaheri kanishika mkono, kaung'ang'ania tu. Bi Dadi akapiga kelele toka uani—toka, we mwanamume, au narudi kwangu! Nikauchomoa mkono.
Nje, majirani wameshafunga milango. Nimekuja kambini, sina pengine.
Cecilia kauliza, mbona leo nimekaa tu. Nikamwambia. Kashika rozari yake, anasali. Mzee wa kitanda cha pili naye anasoma Fatiha, sauti imemkauka. Wengine wanaitikia amina kwa wote wawili.
Nikashindwa kukaa ndani. Sasa niko ukingoni mwa mto. Ng'ambo naona moshi juu ya paa langu—maji yanachemshwa, basi kazi haijaisha. Au imeisha, wanamwogesha.
Tangu kambi hii ijengwe, hakuna mtu mwenye afya aliyevuka kuja upande huu, ila mimi na Bwana Daktari. Leo Jumapili, Daktari haji.
Mtoto akizaliwa, nani atakuja kuniambia?