Maji ya Ndizi ya Tabitha

Parsimei, uko hapo? Nimetoka hospitali sasa hivi. Ni Tabitha! Dada yangu wa tumbo moja!

Unakumbuka daktari alisema figo zangu zimeshindwa kutoa potasiamu, na ikizidi moyo unasimama? Akamwambia mkwe wangu Namnyaki achemshe ndizi, amwage maji, ndipo anipikie, maana potasiamu nyingi hutoka na yale maji. Ndizi hazina ladha, nikanuna, lakini nikala.

Leo kipimo kimepanda. Daktari akauliza, "Mzee, unakula nini kwa siri?" Nikaapa sili kitu. Nikamkazia macho Namnyaki mpaka akalia.

Ndipo Tabitha, tuliyekwenda naye, akasema, "Yale maji nilikuwa nayakinga. Ndiyo supu ninayokuletea."

Yale maji! Supu niliyoisifu mpaka kwako!

Nikamwambia, "Unaniua, dada." Wala hakuona aibu: "Enzi za Mwingereza, mwaka wa njaa, mama alitulea kwa maji ya ndizi. Kuyamwaga ni laana. Nawe ulikuwa unakonda, nikakuhurumia."

Katika safari zangu nimelala stendi za nchi tatu, nimekula kwa watu nisiowajua, hakuna aliyenitilia kitu. Nimerudi hapa kijijini Maji ya Chai nizeekee kwetu, natiliwa na dada!

Sasa niko nyumbani peke yangu. Chupa ya chai aliyoiacha Tabitha asubuhi iko mezani, na supu iliyomo ndani bado ya moto. Parsimei, njoo uichukue kabla sijaifungua.