Wamekuandika Lispa

Madam,

Wamekuandika Lispa. Kwenye msalaba, kwa rangi nyeusi, herufi kubwa ambazo hata dereva wa trekta la miwa anazisoma akipita: MADAM LISPA, MWALIMU WETU. Siku ya mazishi nilipouona, damu ilinichemka. Mtu amefundisha Kiswahili maisha yake yote, amehangaika na hizi l na r za kwetu tangu mimi sijazaliwa, halafu anazikwa chini ya kosa! Nilitaka kuung'oa. Mumeo akanishika mkono, akaniambia polepole kwamba ni Makokha seremala aliyeuchonga na kuuandika, na kwamba alikuwa akilia huku anaandika. Nikauachia. Lakini moyoni, Madam, sikuuachia hata kidogo.

Makokha, tena! Si ni yule wa karamu? Hadithi yake ulinisimulia mpaka machozi ya kicheko yakakutoka. Kwamba zamani, ulipoanza kufundisha, watoto walikuwa wakikuambia "Madam, karamu yangu imepotea," nawe ukachoka kuandika ubaoni kwamba kalamu ni ya kuandikia na karamu ni ya kula. Basi Ijumaa moja ukaja na karai la mapwoni ya moto, viazi vyenyewe vitamu vya shambani kwako, na kikombe kilichojaa kalamu, ukaviweka mezani pamoja. Kila mtoto aombe anachotaka, karamu au kalamu, atapewa alichokitamka. Makokha, na njaa yake yote, akasema "naomba kalamu." Ukampa kalamu. Akarudi foleni, "naomba kalamu." Ukampa nyingine. Wenzake wanatafuna, yeye amekumbatia kalamu na kamasi zinamtoka. Mwishoni ulimpa kiazi, bila shaka, kikubwa kuliko vyote. Na ndiye huyo amekuandika Lispa.

Nilipoletwa kwako kufanya mazoezi ya kufundisha, mimi Laban mwenye tai, nilikuwa na chati za ngeli ukuta mzima. Watoto walizikariri vizuri sana, kwa sauti, kiti-viti, kitabu-vitabu. Kengele ikilia, wanatoka mbio: "Hii kitabu ni yangu!" Nilikuwa nikitoka nyuma yao nikiwasahihisha kwa ukali, mmoja mmoja, na wao wakawa wananikimbia. Wewe ulikuwa ukikaa tu kwenye kiti chako mlangoni. Mtoto anakuja, "Madam, kiti yangu imevunjika." Nawe, bila hata kukunja uso, "Ah! Kiti chako kimevunjika? Nani amekivunja kiti chako?" Anakueleza yote, kwa Kiluhya akikwama, kisha unamrudisha taratibu kwenye Kiswahili. Yeye anadhani mnaongea habari za kiti. Kumbe umemfundisha mara tatu, na hajaaibika hata mara moja. Baada ya wiki kadhaa namsikia huyo huyo anamwambia mwenzake, "Usikivunje!" Nilishangaa, Madam. Chuoni nilifundishwa mengi, lakini sikuwahi kuona kitu kizuri kama kile.

Nikakuuliza basi mbona jina lako wanaliharibu, Madam Lispa, Madam Lispa, nawe unawaachia. Ulicheka. "Raban," ukasema, maana mimi pia walikuwa wameshanibatiza, "mtu akikuita, itika kwanza."

Sasa nikuambie habari za Lorna. Unakumbuka alivyokuja na wazazi wake kutoka Mautuma, amejikunyata kama kifaranga aliyenyeshewa. Huko alikotoka, siku ya kwanza aliambiwa ajitambulishe, akasema "naitwa Rorna," darasa likaangua kicheko. Jina lake mwenyewe! Tangu hapo akafunga mdomo. Wewe ulikaa naye muhula mzima, hukumlazimisha, ulimwita tu na kuitika hata alipokutazama bila neno. Kabla ya likizo ya Agosti akaanza kukunong'oneza. Kisha ukalazwa, kisha hukurudi. Shule ilipofunguliwa nikapewa darasa lako, na Lorna alikuwa amenyamaza tena kabisa.

Mwalimu mkuu si mtu mbaya, unamjua. Lakini alinieleza wazi: mtoto asiyeongea haendi Gredi ya Tano, atarudishwa nyuma akakae na wadogo. Aki Madam, nilijua akirudishwa hatafungua mdomo tena maishani. Nilileta mapwoni. Nilileta kalamu. Nilikaa kwenye kiti chako mlangoni, nikiongea na kila mtoto habari za ndoo na vikombe, nikimkodolea macho yeye. Wapi! Alichukua kalamu kwa kuonyesha kidole. Kuna jioni nilikukasirikia, nakuambia ukweli. Umeniachia kazi, mikono yako ukaenda nayo.

Ijumaa iliyopita tukaja kwako, darasa zima na mwalimu mkuu, kupalilia na kupanda maua. Watoto wakasoma msalaba kwa pamoja, "Madam Lispa, mwalimu wetu," wakaanza kung'oa magugu. Lorna alibaki amesimama. Nikamwona anausogelea, anaweka kidole juu ya ile L. Halafu nikasikia sauti. Si mnong'ono, Madam. Sauti.

"Hii si yeye. Yeye ni Rispa."

R yenyewe ilitetemeka kama pikipiki inayokataa kuwaka, lakini ilikuwa r. Majembe yakasimama. Hakuna aliyecheka. Akaendelea kuitazama ile herufi, kisha akasema kwa upole, kama anayekutetea:

"Lakini alikuwa anaitikanga."

Ulimi wangu wa zamani ungemrukia pale pale. Badala yake nikasikia maneno yako yakitoka kinywani mwangu: "Alikuwa akiitika, kweli. Aliitika kila mara tulipomwita." Lorna akatikisa kichwa kukubali. "Aliitika," akasema, akachuchumaa kung'oa magugu. Mwalimu mkuu akapenga kamasi kwenye leso yake akasema huyu ataenda na wenzake, mjadala umeisha.

Jioni yake Makokha alikuja na kopo la rangi. Watu walikuwa wameshamwambia, na aibu ilikuwa imemmaliza. Nikamweleza alichosema Lorna. Alikaa chini kando yako, kisha akafunga kopo lake. Mzee wako amekubali: L ibaki. Wewe uliiitikia miaka yote, sisi ni nani kuifuta?

Nimekukosa, Madam. Nakukosa hasa saa ya mapumziko, mlango ukiwa mtupu. Lala salama, mama wa maneno yetu. Kiti chako nitakikalia, na mtoto wa darasa lako hatafundishwa kwa kuchekwa nikiwa hai, hilo nakuahidi.

Jumatatu hii, nikiwa nafuta ubao, mtu aliniita kutoka nyuma ya darasa, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Alikuwa Lorna. Niligeuka haraka, nikaitika.

Ni mimi wako,
Mwarimu Raban