Nimeomba Mushahara Uongezwe

Kasongo, Jumatano usiku

Mama Aziza, patroni wangu, amekubali! Mpaka sasa roho yangu inapiga mbio kama mashini ya kushona.

Asubui nilitangulia wenzangu kufika ku atelie yetu ya kushona, nikamukuta anakata vitenge vya arusi ya watu wa Nyangwe. Nikasema haraka, kabla uoga haujanishika: "Mama, nguo zote za maarusi ni mimi ndiye nazishona. Naomba uniongezee mushahara."

Hakuinua kichwa. "Nani amekutuma?"

"Hakuna mutu, Mama. Ni hii mikono yangu ndiyo imenituma."

Alicheka mpaka akaweka makasi chini. "Haya, kuanzia mwezi huu nitakuongeza. Lakini siku utaniharibia kitenge cha mutu..." Hakumaliza, na mimi sikungoja amalize.

Naogopa kidogo. Wenzangu wakijua, wataniangalia namna gani?

Lakini Saidi, bwana yangu, alikuwa amekwisha funga mizigo aende Salamabila kuchimba dhahabu, kwa sababu feza yetu haikutosha, kule mashimo yanafunika watu. Nilimuambia habari ya mushahara. Alifungua mufuko, akaanza kurudisha nguo zake ku kamba, moja moja, huku anapiga miluzi.