Kompyuta Tuliyokwenda Kuinunua Kabanga

Kibimba, Ngara
Oktoba 2015

Kwa mdogo wangu Alfonce,

Amani ya Bwana wetu ikae nyumbani mwako huko Biharamulo, kwako wewe, kwa shemeji yangu Leonsia na kwa binti yetu Francisca. Shikamoo zenu mlizonitumia kwa simu zilinifikia, nami naziitikia marahaba kwa moyo wote. Sisi hapa tunaendelea kwa neema ya Mungu. Shemeji yako Consolatha bado anasumbuliwa na goti, ila Jumapili alikwenda kigangoni na kurudi kwa miguu yake, akakataa hata kushikwa mkono, akisema hajawa mzigo bado. Mvua zimeanza na maharage tumekwisha kupanda. Natumaini nanyi mmepanda, na kwamba kikohozi chako kimekuacha.

Najua unaisoma barua hii kwa haraka ukitafuta jambo moja, nalo ni kompyuta ya Francisca. Umenipigia simu mara nyingi, nami nikakujibu kwa maneno machache, hata ukamwambia Consolatha kwamba kaka yako siku hizi ni mzito wa maneno kama askofu. Aliponiambia nilitabasamu kidogo. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kusemwa kwenye simu huku vocha inakaribia kwisha, ndiyo maana nimeketi kuliandika.

Nilikuwa nimewasikiliza nyote kabla sijakubali kutumwa. Shemeji Leonsia alitaka mtoto asubiri mkopo wa serikali, anunue mpya dukani huko Mwanza, iliyo na dhamana. Wewe ukasema mkopo huo huchelewa hadi Krismasi, na kwa kuwa kazi zote za chuo siku hizi huandikwa na kutumwa kwa kompyuta, Francisca atakuwa ameachwa na wenzake kabla hata hajayazoea mabweni. Kisha ukasikia kwamba wanafunzi wanaokimbia Burundi wanauza laptopu zao pale Kabanga kwa bei ya kutupa, ukaniomba mimi niliye karibu nikamchagulie. Francisca mwenyewe alinieleza kwa simu sifa anazozitaka, akanisihi, "Baba mkubwa, chonde, usinichelewee."

Nilikwenda kwa Bizimana, yule mbadilisha fedha wa mpakani niliyemfundisha katekisimu angali anavuta kamasi. Alinipokea vizuri. Akanionya nisidanganywe na mng'aro wa kifuniko, bali niiwashe mashine, nichomoe waya, nione kama betri inadumu walau urefu wa misa ya Pasaka. Akanitania pia kwamba mashine za Bujumbura zimesomeshwa na masista wa Kifaransa, herufi zake zimekaa kivingine, na Francisca akitaka kuandika A atapata Q, lakini vidole vya kijana huzoea upesi. Baada ya hayo akaniinamia sikioni na kunishauri nisinunue siku hiyo. Alisema redio imetangaza kwamba mambo ng'ambo yanazidi kuchafuka, kwa hiyo nikingoja wiki moja hivi watavuka wengi zaidi na bei itaanguka.

Neno hilo sikulikubali, Alfonce. Nilimwambia kwamba siwezi asubuhi kuwaombea wale watu amani, na mchana nikasimama barabarani kutazama kama wanaongezeka. Akaona haya, akasema, "Mzee wangu, mimi nimesema biashara tu." Nikamjibu kwamba nitanunua siku hiyo, au sitanunua kabisa.

Unakumbuka mwaka wakimbizi wa Rwanda walipojaa kambi ya Benaco, wewe ukiwa bado kijana, jinsi baiskeli, sufuria na cherehani zilivyouzwa kando ya barabara kwa thamani ya debe la mahindi. Unakumbuka pia kwamba marehemu baba alikataa kitu chochote kiingie nyumbani mpaka muuzaji ameulizwa habari zake kama anavyoulizwa mwenye kuuza ng'ombe. Muuzaji na mnunuzi huketi mbele ya mashahidi, na kibuyu cha pombe ya ndizi kikiwekwa katikati huulizwa mnyama amezaliwa wapi, amelelewa na nani, na kwa nini anatoka zizini. Majibu yakiridhisha, muuzaji hunywa kwanza, kisha mnunuzi, na mali imehama. Nilijiambia kwamba kompyuta ni mali kubwa kuliko ndama, na mtoto wetu hatasoma kwa kitu kilichoporwa.

Bizimana alinikutanisha na mtu mmoja aitwaye Hategekimana, mkulima wa kahawa wa rika langu, aliyekuwa na mkewe Niyonsaba wakingoja mabasi ya kuwapeleka kambini upande wa Kibondo. Wao walisema Kirundi, mimi Kihangaza, tukaelewana bila taabu. Kompyuta ilikuwa imefungwa ndani ya taulo. Tuliiwasha, tukachomoa waya, ikadumu wakati wote tuliokuwa tukizungumza. Kila sifa aliyoitaka Francisca ilikuwamo. Nilitaja bei ya kuanzia, nikitegemea kwamba tutavutana kama ilivyo desturi, lakini yule mzee aliitikia papo hapo. Bizimana akanifinya mkono na kuninong'oneza nilipe upesi kabla mwenzangu hajazinduka usingizini.

Sikulipa. Niliomba kibuyu kwa mama muuza pombe aliye nyuma ya stendi, tukaketi kibandani mwake, nami nikaanza kuuliza.

Nilipouliza ilikozaliwa, mama Niyonsaba ndiye aliyejibu, tena kwa furaha. Alisema waliinunua Bujumbura kwa mavuno ya kahawa, na mumewe alinung'unika njia nzima kwamba kitu hicho ni chepesi mno kwa bei ile. Nilipouliza aliyeilea, alisema ni mwana wao Jean Paul, anayesomea kilimo mwaka wa pili, kijana anayeilaza mashine kitandani na kulala yeye sakafuni. Alicheka aliposema hivyo, nasi tukacheka pamoja naye, isipokuwa mumewe. Ndipo nikauliza kwa nini inatoka zizini, na kama mwenyewe ameridhia. Mama akanijibu kwamba Jean Paul alimkabidhi mwenzake atangulie nayo, kijana yuko nyuma, na yeye mama huenda kila asubuhi kumngoja pale kwenye kizuizi cha mpaka. Akasema mwanae hatakasirika akikuta imeuzwa, maana atawakuta wazazi wake wana cha kula.

Niliona jibu hilo ni jema ila halijakamilika. Nikasema kwamba mali ya mtu mzima haiuzwi akiwa njiani, basi tuiache hadi Jumamosi, pengine kijana atakuwa amefika, anywe yeye mwenyewe kibuyu hiki pamoja nami. Mama aliniunga mkono, akaniita mtu wa haki. Hategekimana alikuwa ameinama. Akasema, bila kuniangalia, "Usingoje, mzee. Hatafika."

Mkewe akamuuliza amesemaje. Akarudia. Akaeleza kwamba yule mwenzake aliyeileta mashine ndiye aliyemfukia Jean Paul, kwa mikono yake, na kwamba alimwambia yeye peke yake usiku ule walipovuka. Tangu siku ile hakupata kinywa cha kumwambia mama. Alimwacha aende kizuizini kila asubuhi, na alitaka kuiuza mashine kwa bei yoyote kwa sababu mama alikuwa akiifungua na kuifuta vumbi, akimwekea mwenyewe.

Bizimana, ambaye mdomo wake haufungwi, alitoka nje. Mama hakulia. Aliukunja waya polepole, akaufunga kwa uzi, kisha akaniuliza kwa upole kama kwetu mali ya marehemu huuzwa kabla ya matanga kuondolewa. Nikamjibu kwamba haiuzwi. Akasema, "Hata kwetu haiuzwi." Akaizungushia taulo, akaipandisha mgongoni na kuifunga kwa kitenge kama wafungwavyo watoto, akaondoka kuelekea kwenye mabasi. Mumewe aliniomba msamaha, mimi! Kisha akamfuata kwa mbali, kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa kufuata. Pombe ilibaki kama ilivyomiminwa.

Haya ndiyo niliyoshindwa kuyasema kwenye simu. Nimesali, nimemweleza padre, naye ameniambia sikutenda dhambi. Huenda ni kweli. Lakini kama ningalilipa na kuondoka kama watu wengine, mama yule angalikwenda kizuizini kesho yake na kesho kutwa, akiwa bado ana mtoto. Nilikwenda kuhakikisha kwamba mikono yetu ni safi, na kwa ajili ya usafi wetu yeye akampoteza mwanae mbele ya wageni, penye meza ya pombe. Sijui kama nilimpa haki yake au nilimnyang'anya siku chache alizobakiwa nazo. Nimekuwa mwalimu wa dini maisha yangu yote, na swali hili naamka nalo kila asubuhi.

Kuhusu Francisca, sitarudi tena Kabanga kwa kazi hii, nawe usimtume mtu mwingine. Shemeji Leonsia alisema vema. Mtoto aanze kwa kompyuta za maktaba ya chuo, avumilie foleni, na mkopo utakapotoka anunue mpya dukani. Najua atachelewa, na najua ni mimi niliyemchelewesha. Fedha zenu nitazileta mwenyewe mvua ikipungua.

Nawaomba jambo moja. Mtoe nia ya misa parokiani kwenu, mtaje jina la Jean Paul, na muwaombee wazazi wake walioko kambini. Consolatha anawasalimu sana. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo.

Naye Francisca akikuuliza, usimwambie kwamba baba yake mkubwa alikosa kompyuta nzuri. Nilipata nzuri sana. Mwambie ilikuwa na mwenyewe.

Ni mimi kaka yako katika Kristo,
Idefonsi