Kabati Lenye Usukani

Jumatatu, 3 Machi

Dereva wa teksi amempakia Mama leo kama gunia la makaa. Sitii chumvi. Mkono mmoja kwapani, mwingine chini ya mapaja, haya – ndani! Kichwa cha Mama kikagonga ukingo wa mlango. Dereva akasema pole bibi, gari yenyewe ni ya chini. Ni ya chini! Basi kosa ni la kichwa cha Mama.

Mama hakusema neno njia nzima. Na huyu ndiye aliyeendesha gari la mkate miaka yote ya utoto wetu, akatulisha sisi watatu kwa usukani ule. Foleni ikisimama alikuwa anatoa kichwa dirishani na kuwaambia wanaume wazima: "Sogeeni, mkate unapoa." Nao walisogea. Leo kagongwa kichwa, kanyamaza.

Tulipofika nyumbani akaniambia haendi tena mazoezini. Nikasema mguu utakakamaa. Akasema na ukakamae.

Yule mtaalamu wa viungo alishanionya. Nyonga ya kushoto, tangu Mama aanguke bafuni, inataka mazoezi kila wiki. Sasa hivi anasimama na fremu yake ya kutembelea, anatoka kitandani hadi mlangoni. Akiacha, ndiyo basi tena. Atakuwa mtu wa chumba kimoja hadi mwisho wake.

Nimekata kauli. Tutanunua gari. Si gari la fahari – gari ambalo Mama ataingia mwenyewe, asiguswe na mtu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepima. Kazi yangu ni kushona mapazia, futi kamba haitoki shingoni, kwa hiyo sikukisia. Nimepima kitanda cha Mama, kiti chake cha magurudumu, na kimo chake akiwa ameketi wima. Kiti cha gari kiwe sawa na kitanda, asipande wala asishuke. Mlango uwe mrefu na wa mraba. Nyuma kuwe na nafasi, kiti cha magurudumu kiingie bila kukunjwa. Magari ya siku hizi yameinamisha mapaa kama watu wenye aibu. Lakini lipo moja, dogo, fupi, la pembe nne kama sanduku. Paa limesimama, vioo vikubwa. Nikatuma picha yake kwenye kikundi cha familia.

Heri ningetuma picha ya punda.

Wifi yangu, mke wa Kaka, akawa wa kwanza: hilo ni gari au kabati? Nyuso za kucheka zikajaa kioo kizima. Mdogo wetu aliye ng'ambo akatuma picha ya gari jeusi, refu, limelala chini kama mjusi, eti hiyo ndiyo heshima ya Mama. Kaka akasema umbo si hoja, hoja ni gia. Yeye anataka gia za mkono. Otomatiki ni ya wavivu, na ikiharibika utauza cherehani. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwinua Mama kitandani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jambo moja tu tumekubaliana: Mama asiambiwe. Atasema tusipoteze pesa kwa ajili yake. Ataliona siku litakapokuwa mlangoni.

Jumamosi, 8 Machi

Duka la magari mapya, na Kaka. Sijui nilimchukua wa nini! Muuzaji, shati limembana, manukato yanamtangulia, akampa Kaka mkono na kumwita bosi. Mimi akaniuliza kama napenda rangi nyekundu.

Nikauliza kiti kiko juu kiasi gani kutoka chini. Akamjibu Kaka kwamba lina kamera mbele na nyuma. Nikauliza mlango. Akamjibu Kaka kwamba lina skrini inayozungumza. Nikaona nisibishane, nikatoa futi kamba, nikapiga goti. Akaja mbio, eti dada, utakwaruza. Nitakwaruza kwa futi ya kitambaa!

Na heri nilipima. Jina ni lilelile la kabati langu, lakini hili jipya wamelishusha paa upande wa mbele ili lipasue upepo. Upepo umefikiriwa. Mama angegonga kichwa palepale alipogonga Jumatatu. Nikamweleza muuzaji. Akasema, kwa mara ya kwanza akinitazama mimi: "Mama atazoea."

Atazoea! Nikamwambia azoee yeye kwanza, aingie hapo mbele yangu bila kuinama. Kaka akanivuta mkono tukatoka. Njia nzima ananiambia nimemtia aibu. Mbele ya nani? Mbele ya skrini inayozungumza?

Jumapili, 9 Machi

Siri haidumu ndani ya nyumba hii. Nilikuwa jikoni nabishana na Kaka kwenye simu, kumbe mlango wa Mama uko wazi. Nilipompelekea chai akaniuliza, macho yake dirishani: "Hilo gari lina klachi?"

Nikabaki na kikombe mkononi. Nikasema, "Mama, usijisumbue na mambo ya gari. Halina, ni otomatiki. Nitaendesha mimi, usiogope."

"Sijasema naogopa."

Akanywa chai yake. Nadhani anakumbuka nilivyokuwa nalizima gari la mkate kila kona alipokuwa ananifundisha. Hadi leo haniamini. Mtu mzima mimi, na leseni yangu mkobani!

Jumanne, 11 Machi

Yadi ya magari yaliyotumika. Kabati langu lipo, la buluu, limepigwa nta hadi inzi anateleza. Mwenye yadi akaapa: mwenye nalo alikuwa mwalimu, mwanamke, alilitumia kwenda shule na kurudi tu. Nikaenda yadi ya pili. Mwalimu. Ya tatu, mwalimu. Walimu wa siku hizi lazima kila mmoja ana gereji nyuma ya nyumba.

Nikarudi kwa lile la buluu kwa sababu kiti kilikuwa sawasawa. Saa ya gari inasema limetembea kidogo mno. Nikataka kuamini. Halafu nikamkumbuka Mama. Alikuwa akituambia gari hudanganya kwa saa, halidanganyi kwa pedali. Nikainama. Mpira wa pedali ya breki umelika hadi chuma kinaonekana. Nikamwuliza mwenye yadi, huyo mwalimu shule yake ilikuwa mwezini?

Hakuona hata haya. Akasema mpira hubadilishwa. Nikasema na saa pia hubadilishwa, ndicho ulichofanya. Akaniambia mimi ni mwanamke mkali. Ndiyo. Niuziwe mbuzi kwenye gunia halafu nikushukuru?

Nimerudi nyumbani miguu inawaka. Mama kaniuliza nimetoka wapi. Nikasema kupeleka mapazia. Akasema, "Mikono mitupu?" Nikajifanya sikusikia.

Alhamisi, 13 Machi

Sasa Mama naye! Leo kakataa ndara. Anataka viatu vyake vya kahawia vya kufunga kwa kamba, vya kazini, vilivyokaa uvunguni tangu astaafu. Nimevipangusa, nimemvalisha. Mguu wa kushoto umevimba, kiatu hakikuingia. "Acha hicho," akasema. Basi ameshinda na kiatu kimoja. Kaketi ukingoni mwa kitanda anagonga mguu wa kulia sakafuni, kisigino hakisogei, vidole vinashuka taratibu, vinapanda, vinahama upande, vinashuka.

Mimi niko kwenye cherehani, nina pazia la mteja la kumaliza. Nikamwambia Mama, kelele hiyo. Akaacha. Nilipoanza kushona, naye akaanza. Nikakasirika, nikaenda kufunga mlango. Akanitazama, akaendelea.

Mazoezini wiki hii hakwenda. Mtaalamu kapiga simu mwenyewe.

Jumamosi, 15 Machi

Nimelipata!

Mwenye nalo ni mkunga mstaafu, anauza kwa sababu macho yamechoka. Rangi imepauka juu ya paa. Hakulisifia hata kidogo, alianza na aibu zake: upepo ukilipiga barabara kuu linavuma, mafuta linakunywa kuliko umbo lake, na mlango wa nyuma haukai juu, hushikizwa kwa mpini wa ufagio. Mpini wenyewe upo, anautoa pamoja na gari. Mtu wa kwanza mwezi huu asiyenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilitaka kumkumbatia.

Nikapima. Kiti sawa na kitanda cha Mama, tofauti ni upana wa kidole. Mlango wa mraba. Sakafu bapa. Vioo pande zote, ukirudi nyuma unaona kila kitu bila kamera ya mtu. Kiti cha magurudumu kitaingia kimesimama, na fimbo zangu za mapazia zitalala pembeni. Kaka alikuwa ameleta fundi wake ili alikosoe. Fundi akaisikiliza injini, akalipandisha kilima, akarudi akasema gia ni nzima, zinabadilika bila kushtua. Kaka kanuna.

Wifi naye bado hajachoka: watu watatuonaje tukishuka kwenye kabati? Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Mkunga ameniachia nije nalo nyumbani hadi kesho jioni. Nikaanza kuzungumzia bei, akanikatiza. "Mlete mwenyewe kwanza alijaribu," akasema. "Umenieleza nyonga yake, umenieleza kimo chake. Yeye anasemaje?"

Nikamjibu kwamba tunataka kumshtukiza nalo mlangoni. Akasema aa. Hiyo aa yake imeniudhi njia nzima.

Jumapili, 16 Machi

Naandika nikiwa ndani ya kabati. Kiti cha abiria. Daftari lilikuwa mkobani, na nisipoandika nitampigia mtu kelele.

Ilikuwa hivi. Asubuhi nimeleta gari hadi mlangoni. Kaka na wifi walishafika, wifi na simu yake tayari kwa picha. Mama akatoka na fremu yake, kiatu cha kahawia mguu wa kulia, ndara wa kushoto. Nikamfungulia mlango wa abiria. Nilikuwa nimetandika hata taulo safi kitini. Kupima kote kule, ugomvi wote ule, kwa ajili ya mlango huu!

Akalitazama taulo. Akaupita mlango.

Akalizunguka boneti, fremu, hatua, fremu, mkono mmoja ukipapasa bati kama anayemjulia mtu hali. Nikamwita, Mama, ni huku. Hakugeuka. Akafungua mlango wa dereva, akageuza mgongo, akaketi. Hakupanda wala hakushuka. Hakuna aliyemgusa. Mguu wa kushoto akauinua kwa mikono miwili na kuulaza pembeni, mahali ambapo klachi ingekuwa. Wa kulia ukaenda wenyewe kwenye breki.

Na mimi nimesimama nimeshika mlango wangu wazi. Nimempima Mama kila mahali, sikumwuliza anataka kukaa wapi.

Kaka akaja juu. Mama ashuke, huu si mchezo. Nyonga, umri, watoto barabarani, nani atajibu akimgonga mtu? Si maneno ya kipumbavu, mimi mwenyewe nayafikiria. Lakini ananiambia mimi! Anayasema juu ya paa la gari, kama yule muuzaji na skrini yake, na Mama yuko hapo anasikia. Nikafungua mdomo nimpashe. Ukanifungika wenyewe, kwa sababu nilikumbuka ni nani aliyesema usijisumbue na mambo ya gari.

Halafu nikaingia haraka upande huu ili nichomoe ufunguo. Ndiyo, niliingia kwa ajili hiyo. Mkono ulifika. Mama akautazama tu mkono wangu, hakuuondoa. Nikaurudisha mapajani.

Akawasha.

Sasa injini inanguruma. Kaka amesimama mbele ya boneti, katanua mikono, hatoki. Wifi ameshusha simu. Mama hana haraka. Mikono miwili usukanini, kioo ameshakirekebisha, mkanda ameshafunga. Uso wake nilikuwa nimeusahau – ule wa alfajiri, wa kabla hatujaamka vizuri, akiwa amekwisha pakia kreti zote. Kaniambia ni hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Kesho nitakwenda mazoezini, akasema. Nitakwenda. Hakusema utanipeleka.

Kaka anapaza sauti niseme kitu, nimtoe Mama, mimi ndiye mwenye akili humu ndani. Leo ndiyo ameliona hilo!

Mama kabonyeza honi mara moja, fupi.

"Mwambie kaka yako asogee," kasema. "Mkate unapoa."

Nimefunga mkanda.