Kaka, Ng'ombe Hakuwa Wako

Kaka Eliasi,

Nyumba sasa ni yangu. Nakwambia hilo kwanza, lakini usifurahi bado. Nina hasira, na wa kumlalamikia ni wewe tu.

Ulisema mbele ya wazee, kata ya pombe ya mbege ikizunguka: "Kihamba, shamba letu la migomba, ni cha ukoo, watachukua akina baba mdogo. Nyumba ya mjini ni ya dada yangu." Ukadhani umemaliza! Karani wa Bomani alinisikiliza hadi mwisho, akasema maneno ya kwenye mbege hayana stempu. Basi nikaanza kununua stempu. Stempu ya kuomba, stempu ya kuapa, na nauli ya kuambiwa nirudi kesho. Kodi ya nyumba uliyoacha hujalipa wakanibebesha mimi. Walipokuja kuithamini nyumba wakahesabu hata baraza niliyoikandika kwa mikono yangu, eti mali ya marehemu. Nilipie ushuru udongo wangu mwenyewe, Kaka. Nikishindwa, nyumba inakwenda mnadani. Na mimi niende wapi? Kihambani hakuna mgomba wa mwanamke aliyeachika.

Halafu wakamwona ng'ombe bandani. Nikasema ukweli: ni wa Mzee Ndesanjo wa Old Moshi, alimweka kwa kaka yangu amtunzie. Maziwa na samadi vyetu, ng'ombe wake, kama watu wa mlimani tunavyofanya siku zote. Karani, mtu wa pwani, akauliza, "Alikuwa anakula majani ya nani?" Ya kaka. "Basi ni wa marehemu." Ushuru ukapanda tena.

Nikapanda Old Moshi kumwomba mzee aje aseme. Akaja, lakini wanawe wakamfuata nyuma. Unajua mwenyewe kwamba alimleta ng'ombe kwako ili wao wasijue kama anaye. Bwana Shauri, mkubwa wa Boma, alipomuuliza, mzee alinitazama, akawatazama wanawe, akasema, "Mimi sina ng'ombe mjini."

Nilitaka kulia, nikataka kucheka. Nikasema tu, kwa heshima ya mzee, "Asante, Meku."

Basi nikamuuza ng'ombe. Serikali imesema ni wako, na chako ni changu. Mfanyabiashara wa Holili akamswaga, nami nikalipa kila walichodai, nikapewa karatasi yenye mhuri. Usininunie. Nakumbuka ulivyokuwa ukimkatia majani kabla hujanywa hata chai: "Huyu ni wa watu. Ashibe kwanza." Maneno hayo yamenikera tangu siku ile ya mnunuzi.

Juzi mzee alikuja. Nikamwamkia, nikampa chai. Akakaa barazani, macho bandani. Angeuliza nini? Alikwisha kumkana mbele ya Serikali. Bandani amebaki yule ndama jike tu, ambaye mzee alikupa wewe kwa utunzaji wako, na ambaye nilikuwa nimemficha kwa jirani wathamini walipokuja. Mzee akamtazama sana. Kisha akasema, "Anafanana na mama yake," akaaga. Chai hakuimaliza. Nililia, Kaka, kwa hasira na kwa aibu.

Lala sasa. Nakuahidi: ndama akikomaa nitampandisha mlimani mwenyewe, nimfunge kwa Mzee Ndesanjo. Maziwa yake, samadi yake, na kila atakayezaliwa ni wake. Wanawe wakiuliza ng'ombe wa nani, nitawaambia ni wangu, namweka tu kwa baba yao anitunzie.

Dada yako,
Ndeshi